Kutumia data kufanya maamuzi wakati wa janga la maradhi: mwongozo kamili

Jumatatu asubuhi namba zimeshuka. Ijumaa waliripotiwa wagonjwa wapya 900, leo 410, na kwenye kikao mtu ameshaanza kushusha pumzi. Mchambuzi anayeijua kazi yake hatikisiki. Anajua kwamba Jumamosi na Jumapili maabara nyingi huenda kwa zamu fupi, karani anayeingiza majibu kwenye mfumo yuko mapumzikoni, na mwenye homa ndogo hungoja siku ya kazi ndipo aende kupima. Jumanne na Jumatano namba zitarudi juu kwa kishindo, na kikao kilekile kitaanza kuhaha. Ugonjwa wenyewe haujabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni ratiba ya watu.

Mwongozo huu ni kwa wanaokaa hapo katikati: kati ya faili lililotoka maabara na kiongozi anayetaka kujua afanye nini kabla ya saa sita mchana. Hauhitaji programu ya gharama. Kazi kubwa hapa ni kuuliza maswali kwa mpangilio unaofaa, na mara nyingi mpangilio huo ni kinyume cha ule ambao watu wameuzoea.

Hatua ya 1: Andika maamuzi kabla ya kugusa data

Timu nyingi huanza na kile kilichopo mkononi: mafaili yaliyotumwa, ramani inayopendeza, dashibodi yenye rangi kumi na mbili. Baada ya wiki mbili ipo michoro 40 na hakuna ajuaye upi unamhusu nani. Anza upande wa pili. Kaa na kila mwenye mamlaka ya kuamua, kuanzia mganga mkuu, msimamizi wa bohari ya dawa na anayeshughulikia shule hadi msemaji, umwulize: katika siku 30 zijazo, ni mambo gani utalazimika kusema ndiyo au hapana?

Majibu huwa machache kuliko ilivyodhaniwa. Wodi ya ziada ifunguliwe au isifunguliwe. Oksijeni iende hospitali ipi. Upasuaji usio wa dharura uahirishwe au uendelee. Mikusanyiko ya ndani izuiwe au la. Vipimo vihamishiwe wapi. Chanjo za kwanza wapewe akina nani. Chini ya kila moja andika nani anaamua, siku ya mwisho ya kuamua ni ipi, ni namba gani inaweza kumbadilishia msimamo, na ikifika kiasi gani atachukua hatua.

Hilo la mwisho, yaani kizingiti, ndilo watu hulikwepa. Liandikwe hali ikiwa imetulia. Likiachwa mpaka wimbi lifike, kila mmoja atakisogeza kizingiti kidogo ili kesho isiwe siku ya habari mbaya, na sijaona kikisogezwa upande wa kuwahi. Kisha fanya usafi: namba ambayo hata ikipanda mara tatu hakuna atakayefanya jambo tofauti, iondoe kwenye ripoti ya kila siku. Watafiti wataihitaji baadaye, wao wana muda.

Hatua ya 2: Kubalianeni nani anahesabiwa kuwa mgonjwa

Mkoa wa Hubei nchini China, Februari 2020, uliripoti wagonjwa wapya 14,840 kwa siku moja, wakati siku zilizotangulia idadi ilikuwa chini sana ya hapo. Dunia ilishtuka. Kati yao 13,332 walikuwa wamehesabiwa kwa utaratibu mpya: madaktari waliruhusiwa kumtambua mgonjwa kwa dalili na picha za mapafu bila kusubiri majibu ya kipimo. Virusi havikuwa vimeruka usiku ule. Mpaka wa neno "mgonjwa" ndio uliohamishwa.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu, andikeni ngazi tatu: anayeshukiwa, anayeelekea kuwa na ugonjwa, na aliyethibitishwa. Kila ngazi ipewe masharti yake kwa lugha ambayo muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kuisoma mara moja akaelewa. Masharti yakibadilika, na yatabadilika, weka mstari wa wima kwenye kila mchoro kuonyesha tarehe ya mabadiliko, na usilinganishe upande mmoja na mwingine kana kwamba ni kitu kilekile. Kifo nacho kinahitaji maelezo yake. Aliyefariki kwa ajali akiwa na kipimo chenye majibu chanya anahesabiwa? Amueni mapema.

Hatua ya 3: Jenga orodha ya wagonjwa, uilinde na uichunguze

Msingi wa kila kitu ni orodha yenye mstari mmoja kwa mtu mmoja. Isiwe na vitu vingi. Namba ya utambulisho isiyo jina, umri, jinsia, eneo analoishi, aina ya kazi kama inahusika na maambukizi, hali ya chanjo ikiwa ipo, alilazwa au hakulazwa, na hatima yake. Kisha tarehe nne ambazo hazipaswi kuchanganywa: siku dalili zilipoanza, siku sampuli ilipochukuliwa, siku majibu yalipotoka, siku taarifa ilipoingia kwenye mfumo.

Tarehe hizi nne ni dhahabu. Ukizitoa moja kwa nyingine unapata urefu wa kila ucheleweshaji. Kama kati ya sampuli na majibu kunapita siku sita, tatizo lako la wiki hii ni maabara, na hakuna mchoro utakaoliponya. Ugonjwa unaoambukiza siku za mwanzo utakuwa umeshapita kwa jirani kabla karatasi ya majibu haijatoka.

Sasa usafi wenyewe. Kila asubuhi, kabla ya hesabu yoyote, pitia haya: mtu aliyepimwa mara mbili amehesabiwa mara mbili? Kuna aliyefariki kabla ya kuugua? Kuna mwenye umri wa miaka 212? Tarehe 03/04 ni ya mwezi Machi au Aprili? Kituo ambacho jana kilileta mistari 80 leo kimeleta sifuri. Je, hakuna wagonjwa, au hakuna intaneti? Swali hili la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana sifuri na ukimya hufanana kabisa kwenye jedwali. Ziandike tofauti: sifuri ni 0, ukimya ni nafasi iliyoachwa wazi, na asiye na taarifa apigiwe simu.

Mfano wa wazi ulitokea Uingereza. Kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 hawakuingia kwenye hesabu za kila siku. Majibu ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ilikatwa, na mfumo haukupiga kelele. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao, lakini watu waliokutana nao hawakufuatiliwa kwa wakati. Dawa yake ni hesabu ya mtoto wa shule: mistari iliyotumwa ni mingapi, iliyopokelewa ni mingapi? Zisipolingana, simamisheni kazi mpaka mjue kwa nini.

Hatua ya 4: Chora mkondo wa mlipuko, na usiamini mkia wake

Chora idadi ya wagonjwa kwa siku ambayo dalili zilianza. Mchoro wa siku ya kuripotiwa unaonyesha mwenendo wa makarani; wa siku ya dalili unaonyesha mwenendo wa ugonjwa. Ukilazimika kutumia siku ya kuripotiwa, tumia wastani wa siku saba, ili Jumamosi na Jumatano zimezane.

Lakini mchoro wa siku ya dalili una mtego: mkia wake hushuka siku zote. Hata mlipuko ukiwa unachachamaa, mwisho wa mchoro utaonekana kama mteremko, kwa sababu walioanza kuumwa jana bado hawajapimwa, na waliopimwa bado hawajaingia kwenye orodha.

Tuifanye kwa mkono. Leo ni tarehe 20. Kwenye orodha mna watu 120 walioanza kuumwa tarehe 10, watu 110 wa tarehe 15, watu 45 wa tarehe 18, na 12 wa jana. Mtu akisoma hivyohivyo atasema mlipuko unakwisha. Rudi kwenye orodha ya mwezi uliopita, ambayo sasa imekamilika, uulize: kati ya wote walioanza kuumwa siku fulani, wangapi walikuwa wameshajulikana baada ya siku moja, mbili, tano, kumi? Tuseme unapata asilimia 7, 30, 75 na 98. Basi gawa. 120 kwa 0.98 ni kama 122. 110 kwa 0.75 ni kama 147. 45 kwa 0.30 ni 150. 12 kwa 0.07 ni kama 171.

Mteremko umegeuka mlima.

Usiishikilie sana hiyo 171. Asilimia 7 ingekuwa 10, ungepata 120; ingekuwa 5, ungepata 240. Ndiyo maana siku mbili au tatu za mwisho huchorwa kwa rangi hafifu, au huonyeshwa kama ukanda mpana badala ya mstari. Wengine huzikata kabisa. Mimi naona afadhali zibaki na zitiwe kivuli, kwa sababu ukizikata kuna mtu atakayeuliza "na za jana je?", kisha azitafute mwenyewe pasipo maelezo. Na asilimia hizi za ucheleweshaji zipigwe upya kila wiki. Maabara zikielemewa, ucheleweshaji hurefuka, na marekebisho ya zamani yatakudanganya wakati unapoyahitaji zaidi.

Hatua ya 5: Pima kasi, kisha igeuze kuwa siku zilizobaki

Idadi ya leo ina maana ndogo kuliko muda inaochukua kuongezeka maradufu. Kanuni ya haraka ni kugawa 70 kwa asilimia ya ongezeko la kila siku. Ongezeko la asilimia 7 kwa siku ni maradufu kila siku 10. La asilimia 14, kila siku 5. Ukichora kwa kipimo cha logi, ambapo kila hatua ya juu ni mara kumi ya ile ya chini, ukuaji wa namna hii hutokea kama mstari ulionyooka. Mstari ukianza kulala, kasi imepungua, hata kama idadi bado inapanda.

Sasa peleka kasi hiyo kwenye vitanda. Tuseme eneo lina vitanda 400 vya wagonjwa mahututi, leo 50 vina watu, na waliolazwa wanaongezeka maradufu kila siku 5. Ukimwambia kiongozi "vitanda vilivyotumika ni asilimia 12 na nusu" atakushukuru na kwenda kunywa chai. Hesabu: 50, 100, 200, 400. Ni hatua tatu, siku 15.

Kuna jambo jingine la kumwonyesha. Kwa UVIKO-19 ya mwanzo, kutoka kuambukizwa hadi dalili zilipita siku tano au sita, na kutoka dalili hadi kuhitaji chumba cha mahututi mara nyingi wiki nyingine au zaidi. Maana yake watakaolala kwenye vitanda hivyo katika siku 14 zijazo wameshaambukizwa leo. Agizo lolote litakalotolewa asubuhi hii halitawagusa. Kasi isipobadilika, siku ya 14 patakuwa na wagonjwa karibu 350, na hapo ndipo matokeo ya agizo yataanza kuonekana. Kwa hiyo siku ya kuamua ni leo, wodi zikiwa na nafasi tele na wananchi wakishangaa haraka ya nini. Anayesubiri vitanda vifike 200 ndipo aamue, ameshachelewa siku kumi.

Kufikisha hili ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika kazi hii, na hakuna fomula yake. Ninachokijua kinachosaidia ni kuacha asilimia na kutaja tarehe: "Tusipofanya lolote, vitanda vitajaa Alhamisi ya tarehe 5." Tarehe watu huielewa.

Mtasikia pia juu ya R, wastani wa watu wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja. Juu ya 1 mlipuko unakua, chini ya 1 unanywea. Ni kipimo kizuri, lakini ni wastani, na wastani huficha. Katika UVIKO-19 wagonjwa wengi hawakumwambukiza mtu yeyote au walimwambukiza mmoja, na wachache waliwaambukiza makumi kwa mkupuo. Japani iliona hili mapema mwaka 2020 ikaelekeza nguvu kurudi nyuma: mgonjwa huyu ameambukizwa wapi, na nani mwingine alikuwa mahali pale? Ushauri wake kwa wananchi ukajengwa juu ya kuepuka mambo matatu: sehemu zilizofungwa zisizopitisha hewa, msongamano, na mazungumzo ya karibu.

Hatua ya 6: Kila namba iulizwe "kati ya wangapi?"

Wagonjwa wamepanda maradufu. Vipimo je? Vikipanda maradufu pia, huenda hakuna jipya. Angalia asilimia ya vipimo vyenye majibu chanya. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilitaja asilimia 5 kwa muda wa wiki mbili, pale upimaji ni wa kutosha, kama mojawapo ya dalili kwamba ugonjwa umedhibitiwa. Asilimia ikiwa 25, usihangaike na idadi ya wagonjwa. Unaona kile tu ambacho vipimo vyako vimeweza kukifikia.

Kosa kubwa zaidi lilikuja na chanjo. "Wengi wa waliolazwa wamechanjwa!" Chukua wazee milioni moja, 900,000 wamechanjwa na 100,000 hawakuchanjwa. Kati ya wasiochanjwa wanalazwa 200. Chanjo inapunguza hatari ya kulazwa kwa asilimia 80, kwa hiyo kati ya waliochanjwa wanalazwa 360. Hospitalini kuna wagonjwa 560, na 360 kati yao, asilimia 64, wamechanjwa. Kichwa cha habari kimeshapatikana. Ukigawa kwa idadi ya kila kundi, wasiochanjwa wanalazwa 200 kwa kila 100,000 na waliochanjwa 40. Wodi ileile, wagonjwa walewale, hitimisho kinyume kabisa. Namba ya aina hii isitoke ofisini bila mgawanyo wake, na igawanywe kwa rika pia, kwani wazee ndio huchanjwa kwanza na ndio hulazwa zaidi.

Kipimo nacho kina kosa lake. Ukipima watu 10,000 katika eneo lenye waambukizwa 10 tu, kwa kipimo kinachokosea mtu mmoja kati ya kila 100 wasio na ugonjwa, utapata majibu chanya ya uongo karibu 100 na ya kweli yasiyozidi 10. Kipimo hichohicho kikitumika wodini kwa wenye homa na kikohozi kitakuwa msaada mkubwa.

Kuhusu vifo: ukigawa vifo vya leo kwa wagonjwa wa leo unachanganya vizazi viwili, maana waliofariki leo waliugua wiki kadhaa zilizopita. Na mgawanyo wa vifo kwa wagonjwa waliothibitishwa hupanda pale wanapopimwa mahututi peke yao. Ndiyo sababu wataalamu waliikodolea macho meli ya Diamond Princess mwanzoni mwa 2020: watu 3,711, karibu wote walipimwa, 712 wakakutwa na virusi, na sehemu kubwa hawakuwa na dalili walipopimwa. Hapo ndipo mapema palipopatikana picha ya walioambukizwa badala ya waliofika hospitali, ingawa abiria wa meli za utalii ni wazee kuliko jamii kwa jumla.

Hatua ya 7: Tafuta mashahidi wasiofahamiana

Chanzo kimoja hata kikiwa kizuri kina udhaifu wake. Unachotaka ni vyanzo ambavyo udhaifu wao ni tofauti. Idadi ya wagonjwa hutegemea upimaji. Idadi ya wanaolazwa haitegemei sana upimaji, ila huchelewa. Matumizi ya oksijeni yako kwenye daftari la bohari na hayajui siasa. Majitaka huonyesha virusi vya watu wote wa mtaa, hata wasiopima kamwe, na njia hii si ngeni. Kwa miongo mingi imetumika kufuatilia polio. Vyanzo vitatu vikipanda pamoja, chukua hatua. Kimoja kikipanda peke yake, kichunguze chenyewe kwanza.

Kwa kujua ukubwa wa msiba, tumia vifo vya ziada: vifo vya sababu zote ukitoa vilivyotarajiwa kwa kuangalia miaka ya kawaida. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya ziada milioni 14.9 duniani kwa miaka ya 2020 na 2021, ilhali vilivyokuwa vimeripotiwa rasmi kuwa vya UVIKO-19 vilikuwa milioni 5.4. Penye pengo kama hilo hakuna anayehitaji kuwa amedanganya. Inatosha vipimo kuwa vichache na daftari la vifo kuwa na mashimo.

Jihadhari na chanzo kinachong'aa. Mwaka 2008 Google ilizindua huduma ya kukadiria mafua kwa kuangalia maneno ambayo watu hutafuta mtandaoni. Ilisifiwa sana. Msimu wa 2012 hadi 2013 nchini Marekani makadirio yake yalifika takriban mara mbili ya yale ya mamlaka ya afya, na mwaka 2015 ikaacha kuyachapisha. Anayesoma habari za mafua hutafuta habari za mafua, awe anaumwa au haumwi.

Hatua ya 8: Gawanya kwa mahali, kisha tembea

Wastani wa taifa haujawahi kulazwa hospitali. Gawanya kwa eneo, rika na kazi, kwa kiwango kwa kila watu 100,000. Maeneo madogo yatakusumbua: kijiji cha watu 900 chenye wagonjwa watatu kitaonekana kibaya kuliko jiji zima, na wiki ijayo kitakuwa sifuri. Unganisha wiki au unganisha vijiji. Palipo na wagonjwa chini ya watano usichapishe umri na jinsia zao. Majirani watawajua kwa majina kabla ya jioni.

Daktari John Snow ndiye anayetajwa kila penye ramani. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua mamia ya watu katika mtaa wa Soho, London, aliorodhesha vifo akaona vimezunguka pampu ya maji ya Broad Street, na mpini wa pampu ukaondolewa tarehe 8 Septemba. Kinachosahaulika ni mambo mawili. La kwanza, mlipuko ulikuwa umeshaanza kushuka, kwa sababu wakazi wengi walikuwa wamekimbia, na Snow mwenyewe alikiri hivyo. La pili, kilichompa nguvu kuliko alama za vifo kwenye ramani yake ni watu ambao hawakufa. Karibu na pampu palikuwa na nyumba ya maskini yenye watu zaidi ya 500, na ilipoteza watano tu. Ilikuwa na kisima chake. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa jirani nao walisalimika. Walikunywa bia na maji ya kisima cha kiwanda. Snow aliyajua haya kwa kugonga milango. Ramani ikikuonyesha doa jekundu au doa jeupe lisiloeleweka, mtume mtu aende.

Hatua ya 9: Modeli zitumike kama mazoezi

Modeli nyingi za magonjwa, yaani hesabu zinazoigiza mwendo wa mlipuko, ni wajukuu wa ile ya watafiti Kermack na McKendrick ya mwaka 1927, inayowagawa watu katika wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa, na waliotoka kwenye mzunguko. Zinafaa kulinganisha njia: tukifanya hivi, tukifanya vile, tusipofanya lolote. Hazifai kutabiri Jumanne ya mwezi wa tatu kutoka sasa. Zaidi ya wiki tatu au nne mbele, tabia za watu hubadilika kuliko modeli inavyoweza kufuata.

Dai matukio matatu, kila moja na dhana zake zikiwa zimeandikwa kwa sentensi za kawaida. Kisha kila wiki weka hali halisi juu ya makadirio ya wiki iliyopita, mbele ya wote. Na mjiandae kwa lawama moja isiyo na dawa: modeli ikionya, watu wakachukua hatua, msiba usipotokea, itaambiwa ilikosea.

Hatua ya 10: Ukurasa mmoja na daftari moja

Anayeamua apewe ukurasa mmoja. Juu kabisa sentensi tatu: hali ikoje, tuna uhakika kiasi gani, na ni uamuzi gani unaoiva wiki hii. Chini yake michoro isiyozidi minne, kila mmoja ukiwa na kizingiti chake kimechorwa. Uhakika usemwe kwa maneno yanayopimika. "Huenda" kwa mmoja ni nusu kwa nusu, kwa mwingine ni hakika iliyovaa heshima. Afadhali "tunategemea kati ya 300 na 420". Mchoro wenye mhimili unaoanzia 380 badala ya sifuri urudishwe ukachorwe upya.

Ukikosea, rekebisha hadharani siku hiyohiyo, useme namba ilikuwa ngapi, sasa ni ngapi, na kwa nini.

Daftari ni la maamuzi. Kila uamuzi uandikwe tarehe, namba zilizokuwa mezani saa hiyo, zilivyodhaniwa kuwa na uhakika kiasi gani, nani alipinga na kwa hoja gani, na siku ya kuutazama tena. Nakala ya faili la data la siku hiyo ihifadhiwe pamoja nayo bila kuguswa, maana ukilifungua faili hilohilo miezi miwili baadaye, wagonjwa waliochelewa kuripotiwa watakuwa wameshajaa, na wale 45 wa tarehe 18 watasomeka 150. Atakayewahukumu kwa kuangalia 150 ataona uzembe. Daftari litamwonyesha kwamba asubuhi ile mezani palikuwa na 45, na pembeni, kwa kalamu, mtu alikuwa ameandika: "gawa kwa 0.30".